Ujazo wa Mfarishi: Shauri kwa Wanaoanza Kushona

Mabibi wa nyumbani wanaojua kupiga bandi na kukunja pindo ni wengi katika nchi yetu, lakini wanaojua kushona mfarishi ni wachache, na hao wachache aghalabu hawakufunzwa jambo lililo kubwa kuliko yote katika kazi hiyo, nalo ni kuchagua kitu cha kutiwa ndani. Mfarishi, kwa asiyeujua, ni nguo ya matabaka matatu: uso, mgongo, na kati yao ujazo wa pamba au kitu mfano wa pamba, kisha matabaka yote matatu hushikanishwa kwa mishono ipitayo toka juu hata chini. Huweza kuwa wa kujifunika, au wa kutandika juu ya godoro, au huwa mdogo kabisa, kadiri ya mto wa kukalia, ukawa malazi ya paka. Uso wa mfarishi ndio utazamwao na wageni, na ndio ugharimiwao fedha. Lakini mwenye kulala hulalia ujazo. Na mfarishi ukioza, ukiganda mabonge, ukifuga viroboto au ukashika moto, sababu yake karibu sikuzote imo ndani, mahali ambapo mshonaji hakutazama.

Twaandika haya tukizitazama hasa nyumba za Bugene na vijiji vya jirani, katika wilaya ya Karagwe na ile ya Kyerwa iliyokatwa kutoka kwake mwaka 2012, kwa kuwa mashauri mengi ya ushonaji yaliyochapwa yametoka katika nchi ambazo hewa yake si hii. Mtu wa Tanga au wa Unguja hutafuta malazi yasiyomtia joto. Mtu wa Bugene, aliye katika nyanda za juu, hulala katika baridi na kuamka katika ukungu, naye yampasa atafute joto. Wakati huohuo mvua humjia mara mbili kwa mwaka, tangu Septemba hata Desemba, na tena tangu Machi hata Mei, na jua la kuaminika kwa kuanikia vitu vizito hupatikana zaidi katika Juni, Julai na Agosti. Basi kinachofaa kuulizwa dukani, kabla ya kukibonyeza kitu na kusema ni laini, ni swali hili: kikilowa, kitafuliwaje, na kitakauka kwa muda gani? Mwenye kulijibu swali hili vizuri amekwisha kuchagua nusu ya ujazo wake.

Waliotangulia walijaza kilichokuwa karibu nao. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba tandiko la Mtume (s.a.w.) lilikuwa la ngozi, na ndani yake lilitiwa nyuzi za mtende. Madina ni nchi ya mitende na ya ukavu, na nyuzi hizo haziozi katika hewa kama ile. Katika nchi hizi za magharibi ya ziwa watu walilalia nyasi na ngozi za ng'ombe, na wakajifunika nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Nguo ya pamba ilipanda kwa misafara. Wakati Speke na Grant walipofika Karagwe mwaka 1861, kwa mfalme Rumanyika, wafanya biashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao ya mfalme ya Bweranyange, na miongoni mwa bidhaa zao kubwa ilikuwa marekani, kitambaa kizito kisichotiwa rangi ambacho jina lake lataja kwa wazi kilikotoka, yaani viwanda vya Massachusetts na majirani zake. Kitambaa cha namna ile, ambacho wengi wetu twakiita marekani hata leo ingawa kimefumwa kwingineko, kingali mgongo bora wa mfarishi: hakitelezi chini ya sindano, wala hakipitishi nyuzi za ujazo zikatokeza nje kama ndevu.

Tuanze na pamba, kwa kuwa ndiyo mama wa kazi hii. Waislamu wa zamani waliifanya pamba kuwa ufundi wenye ngazi, hata kila ngazi ikawa na mtu wake na jina lake: hallaj ni mwenye kuitenga pamba na mbegu, naddaf ni mwenye kuitawanya kwa uta mpaka ikawa kama povu, na qattan ni mwenye kuiuza; na majina hayo yakawa ya koo kubwa mpaka leo. Katika Bara Hindi walikuwapo Wapinjara, jamaa ya Waislamu ambao kazi yao ya urithi ilikuwa hiyo ya uta: kamba ya uta hutetemeshwa ndani ya rundo la pamba, na nyuzi zikaruka na kuachana. Nimewataja watu hawa ili msomaji ajue kuwa pamba haitiwi katika nguo kama itokavyo shambani. Yapasa kwanza itengwe, kisha itawanywe.

Sisi wa Kagera hatuko mbali na pamba. Geita, Mwanza, Shinyanga na Simiyu ndiko inakolimwa kwa wingi katika Tanzania, na viwanda vya kuichambua viko huko. Mnunuzi ajihadhari na tofauti ya pamba mbegu na pamba nyuzi. Pamba mbegu ni ile iliyochumwa tu. Rahisi kwa bei, lakini mbegu zake zina mafuta yatakayotoka siku ya jua kali na kutia madoa uso wa mfarishi, tena panya huzipenda, nao watautoboa mfarishi wakizitafuta. Nunua pamba nyuzi. Wala usidanganywe na pamba ya hospitali, ile nyeupe iliyokunjwa katika karatasi: hiyo imeondolewa nta yake makusudi ili inywe maji upesi, na kwa sababu hiyo hiyo, katika mfarishi hunywa jasho na maji ya kufulia ikaganda donge, tena ni ghali.

Pamba nyuzi ikifika nyumbani, ikae juani juu ya mkeka nusu siku, halafu itawanywe kwa vidole, fungu dogo dogo, mpaka kisibaki kibonge. Itandaze nyembamba, nyuzi zikielekea upande mmoja. Kisha juu yake tandaza tabaka jingine, nyuzi zikikata zile za kwanza kama msalaba wa kamba za kitanda. Kupishana huku ndiko kunakoizuia pamba isiachane katikati baada ya kufuliwa. Kwa mfarishi mwembamba, gramu 200 kwa kila mita moja ya mraba zatosha. Mfarishi wa mtoto aliyekwisha kukua, wenye sentimita 90 kwa 120, hautaki zaidi ya robo kilo. Wengi huona kiasi hicho ni kidogo wakaongeza mara mbili, na hapo ndipo walipoharibu, kwa sababu pamba nene hupata joto lakini haikauki. Mfarishi mzito uliofuliwa Novemba utakuwa na unyevu moyoni hata siku ya nne, na unyevu huo huleta ukungu mweusi na harufu ya uvundo ambayo haitoki tena, na kwa mtoto mwenye pumu ukungu ni adui aliyelala naye kitanda kimoja. Kwa hiyo, katika Bugene, twapendelea mifarishi miwili myembamba kuliko mmoja mnene. Usiku wa baridi hupandanishwa, na kati ya miwili hukaa hewa ambayo nayo ni joto. Siku ya kufua kila mmoja hukauka peke yake.

Ama sufi, ambayo watu wa pwani waijua sana, jina lake na neno sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni ndugu: yote mawili yametoka katika Kiarabu. Wazee walikiona kitu laini chenye nyuzi wakakipa jina la kitu laini walichokijua. Msufi hupenda joto la nchi za chini, na Tanganyika ya zamani ilikuwa ikiuza sufi ng'ambo. Unyuzi wake ni kama mrija, mtupu ndani na wenye nta nje, hata hauingii maji. Ndiyo maana katika vita vikuu vya pili mabaharia walivaa majaketi ya kuokolea yaliyojazwa sufi. Kwa mto wa kichwa ni kitu cha raha. Kwa mfarishi haifai, na kwa mwanafunzi haifai kabisa: huteleza, huruka puani kila inaposhikwa, haishikani na mshono, na ikifuliwa mara kadhaa huvunjika ikawa vumbi. Tena hushika moto kwa upesi wa kutisha.

Siku hizi madukani mna pamba isiyo pamba, nyeupe mno, nyepesi, inayoruka ikibonyezwa. Hiyo ni polisteri, iliyofanywa kwa mafuta ya ardhini kama zifanywavyo chupa za maji. Wapo wanaoidharau kwa kuwa si kitu cha mmea. Sisi hatuidharau. Katika nchi ya mvua ina fadhila mbili kubwa: hukauka kwa saa chache, na haiozi. Nayo huuzwa kwa namna mbili ambazo mnunuzi lazima azitenge. Ile ya mafungu, iliyo kama mawingu katika mfuko, ni ya kujazia mito na wanasesere. Ukiitia katika mfarishi itakimbilia pembeni. Ile ya kukunjwa kama jora, iliyoshikanishwa kwa moto au kwa gundi, ndiyo ya mfarishi, na kwa kuwa imeshikana yenyewe haitaki mishono mingi. Ila yake ni kwamba hainywi jasho, na ya kuwa ikiguswa na kaa la moto huyeyuka, na kuyeyuka kwake juu ya ngozi ya mtu ni jeraha baya.

Sponji twaipita upesi. Huwezi kupitisha sindano vizuri katika sponji nene, hushika maji kama jina lake, baada ya miaka husagika unga, na inapoungua hutoa moshi mweusi wenye sumu unaoweza kumzimisha mtu kabla moto haujamfikia. Manyoya ya kuku yasiyosafishwa kiwandani huleta chawa wa kuku na harufu. Kondoo wetu ni wa singa, si wa sufu. Usumba wa nazi ni wa magodoro ya pwani, nao huchoma. Majani makavu ya migomba, ambayo hapa hayapungui katika shamba lo lote, yafaa kujazia gunia la kulalia mbwa mlinzi nje, kwa sharti ya kumwagwa na kubadilishwa mara kwa mara. Katika mfarishi hayaingii.

Ujazo ambao ningependa mwenye kuanza aanze nao haununuliwi po pote. Ni nguo zilizochakaa: kanga zilizokwisha kuwa nyepesi, shuka iliyopasuka katikati, blanketi la mtumba lililoliwa pembezoni. Asidhani mtu kuwa hii ni kazi ya ufukara tu. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasiddi, watu ambao mababu zao walivuka bahari kutoka Afrika ya Mashariki na Habeshi, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Miongoni mwao wako Waislamu, na wako Wahindu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa viraka vya nguo kuukuu juu ya sari iliyochakaa, bila ya kutia pamba. Huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kiraka juu ya kiraka, kwa mshono mdogo wa mkono, na mwishoni pembe nne hutiwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa haijavikwa. Mtaalamu wa Kimarekani Henry Drewal alisaidiana nao mwaka 2004 kuanzisha ushirika wa wanawake washonaji, na kazi zao zimeonyeshwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Uzito wa kawandi ni wa nguo tupu, na joto lake ni la nguo juu ya nguo.

Fadhila ya nguo kuukuu kwa mwanafunzi ni kwamba haitembei. Pamba iliyotawanywa hukimbia chini ya mkono usiozoea. Kanga iliyotandazwa hukaa palepale. Tena imekwisha kufuliwa mara mia, basi haitarudi tena, na kurudi ndiko kunakokunja mfarishi wa pamba mpya ukawa kama uso wa mzee siku ya kwanza inapopigwa maji. Lakini nguo zote za ndani ziwe za aina moja au zinazokaribiana. Usiweke blanketi la sufu ya kweli pamoja na kanga za pamba, kwani sufu ikitiwa maji ya moto hujikaza sana, na kanga itabaki imevimba mapovu.

Mtu akiwa dukani na asijue alichoshika ni nini, apate kinyuzi kidogo na kiberiti, nje ya duka na kwa ruhusa ya mwenye mali. Pamba huungua kama karatasi, harufu yake ni ya karatasi, na jivu lake ni laini. Polisteri hujikunja, huyeyuka, na huacha shanga nyeusi ngumu. Iliyochanganywa hufanya yote mawili. Kisha aunyanyue ujazo mbele ya mwanga wa mlango: palipo na giza ni pazito, palipo na mwanga ni pepesi, na mchanganyiko wa mawingu mengi ni dalili ya ujazo utakaopasuka. Tena anunue kipande cha kiganja tu, akishone katikati ya vitambaa viwili, akifue, akikamue kwa kukibana bila ya kukipotoa, akianike. Kiganja kimoja kitamwokoa na hasara ya mita tatu.

Sasa twafika kwenye kitanda cha paka, na huenda baadhi ya wasomaji watacheka kwamba paka apewe mfarishi ilhali wako watoto wanaolala juu ya jamvi. Shauri letu ni la kazi. Mfarishi wa kwanza wa mshonaji utakuwa na mishono mipotofu, na kingo zisizokutana, na pengine ujazo uliokusanyika pembe moja. Ni bora makosa hayo alaliwe nayo paka kuliko mtoto au mgeni. Na paka wa Bugene si pambo. Ndiye mlinzi wa mahindi na maharagwe yaliyo ghalani. Paka ambaye hana malazi yake hujichagulia, na akijichagulia huchagua palipo laini na safi kuliko pote, yaani kitanda cha mwenye nyumba au msala wa kuswalia.

Hapo ndipo tahara inapoingia. Paka si najisi. Imepokewa kwa Abu Qatada (r.a.) kwamba alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na akamsimulia mkwewe aliyestaajabu kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini mkojo wake ni najisi, na mashekhe wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa manyoya yaliyobanduka kwa mnyama asiyeliwa hayana tahara, ila machache husamehewa kwa sababu ya uzito wa kujikinga nayo. Basi kumpa paka tandiko lake ni njia rahisi ya kuuhifadhi msala. Ama mbwa mlinzi wa mbuzi, hukumu ya mate yake ni nzito zaidi, na mahali pake ni nje. Asishonewe kitu kitakachoingia katika beseni moja na nguo za watu.

Kitanda cha paka kina adui wawili. Wa kwanza ni kiroboto. Mayai ya kiroboto hayagandi juu ya manyoya; hudondoka paka alalapo, na humo katika tandiko ndimo funza wake wanamokua. Kwa hiyo ujazo wa paka lazima uwe wenye kuvumilia maji ya moto sana na jua kila juma, na hilo huiondoa sufi, na huiondoa pamba isiyoshonwa vizuri, na huacha nguo kuukuu au polisteri ya jora. Mtu asijaribu kufupisha kazi kwa kumwagia tandiko dawa ya mbwa au ile ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina permethrini au dawa za jamaa yake, ambazo mbwa na ng'ombe huzivumilia, na paka humwua kwa mitetemeko.

Adui wa pili ni moto. Paka hufuata jiko. Utaliweka tandiko lake pembeni mwa ukumbi, na katika baridi ya Julai utalikuta limeburutwa karibu na mafiga. Kaa moja likirukia polisteri huyeyusha. Likirukia sponji huwasha nyumba. Likirukia pamba au kanga, huenda usione kitu, kwani pamba huweza kufukuta ndani kwa ndani saa nyingi bila ya mwali, kisha ikawaka watu wamelala. Kwa paka anayelala jikoni twachagua nguo kuukuu za pamba, na tandiko lifungwe kwa tanzi mahali palipo mbali na mafiga kwa hatua tatu nne, asiweze kuliburuta. Tandiko lililofukiza likizimwa, litiwe lote katika ndoo ya maji na kulala nje. Kulipiga kwa mguu mpaka moshi ukakoma hakutoshi. Na yasemwayo hapa juu ya paka yawahusu zaidi wanadamu walio katika nyumba za koroboi na mishumaa.

Kazi yenyewe si ngumu. Kata marekani vipande viwili vya sentimita 50 kwa 50, au kimoja kiwe cha kitenge ukipenda. Vyote vifuliwe kwanza, maana vitenge vingine huchuja rangi na vyote hurudi kidogo. Ndani tia matabaka manne au matano ya kanga kuukuu, au jora moja la polisteri lililokunjwa mara mbili, lililopungua ukingo kwa upana wa vidole viwili kila upande ili pindo lisinenepe. Tandaza vyote juu ya sakafu, lainisha kwa kiganja toka katikati kwenda nje, kisha piga bandi kwa uzi mrefu wa rangi tofauti, kutoka katikati kuelekea pembe nne na kuelekea pande nne, kama miale ya jua. Bandi hii itang'olewa baadaye, lakini asiidharau mtu. Mfarishi mpotofu ulipotoka hapo.

Mshono wa kudumu nao huanza katikati, kinyume cha Wasiddi, kwa kuwa wao hujenga viraka papo hapo na sisi tumekwisha kukata nguo nzima. Vaa subana katika kidole cha kati, sindano ipite matabaka yote, na kila mara mkono wa chini uhisi ncha yake. Umbali wa mstari na mstari waamuliwa na ujazo, wala hauamuliwi na pambo. Pamba iliyotawanywa kwa mkono yataka mistari iliyo karibu, vidole vitatu hata vinne, la sivyo itaporomoka. Polisteri ya jora yaweza kuvumilia karibu shibiri nzima. Nguo kuukuu iko kati ya hizo mbili. Mwenye cherehani aurefushe mshono na aipunguze nguvu ya mguu ukandamizao nguo, asije akasukuma uso ukaacha mgongo nyuma.

Iko njia nyepesi ya wasio na subira, nayo ni kufunga mafundo: uzi mzito hupitishwa chini na kurudi juu, ukafungwa, kila baada ya vidole vinne, na ncha zikaachwa kama vishada. Kwa mfarishi wa mtu mzima yafaa. Kwa paka haifai hata kidogo, wala vishada vya pembeni havifai, kwa sababu paka hutafuna uzi na kuumeza, na uzi uliomezwa huweza kuyakunja matumbo yake akafa. Kwa sababu hiyo pia sindano yenye uzi isiachwe juu ya kazi usiku.

Akiisha kushona viwili vitatu vya paka, mshonaji ajaribu wa mtoto. Lakini iwe ni mtoto aliyepita mwaka mmoja. Madaktari wa watoto wanashauri kwamba mchanga asiyetimiza mwaka asilazwe na mito, wala asifunikwe mfarishi laini, wala asiwekewe sponji inayobonyea, kwa kuwa akigeuza uso humo hana nguvu ya kujitoa, na pumzi hukatika kimya. Avalishwe nguo za kutosha za joto, alazwe chali mahali pagumu kidogo palipotandikwa shuka iliyokazwa. Bibi mwenye hamu ya kumshonea mjukuu wake aliyezaliwa jana aweza kuushona mfarishi, akauweka sandukuni mpaka mwakani.

Na sandukuni usikunjwe kwa mkunjo uleule mwaka mzima, kwani ujazo hukatika penye mkunjo. Kila mwezi ufunguliwe, ukunjwe kwa njia nyingine, na Juni utolewe juani pande zote mbili. Pamba iliyolala sana hufufuka kwa jua na kwa kupigwa taratibu na ufito. Polisteri iliyolala haifufuki, hutiwa nyingine. Na pale uso utakapochakaa kabla ya moyo, kama inavyotokea mara nyingi penye magoti na mabega, usifumue kitu. Shonea kiraka juu yake, mistari ikipita tena mpaka mgongoni, nao utazidi joto kwa tabaka moja.